Nyumba za Chaza

Mtongwe, Likoni
14 Februari 1959

Mdogo wangu Faki,

Nimengoja barua yako tangu treni ilipokumeza, nikaona heri nianze mimi, maana wewe hata utotoni uliitwa mara tatu ndipo ukaitika. Ukiona maandishi yamepinda usicheke, aliyenifundisha ni wewe.

Mimi ni mzima na nyumba ni nzima. Jana ilikuwa bamvua. Maji yalikupwa mpaka mizizi ya mikoko ikabaki uchi, tukashuka horini mimi na jirani yetu Kanze, tukabandua chaza. Nilipokuwa nawala kwa ndimu nilimkumbuka mama. Wakumbuka alivyokuwa hatuachi tutoke jikoni mpaka maganda yote yaingie kapuni? "Mwenye nyumba mumeshamla," akisema, "nyumba yake irudisheni." Nasi juani, kapu kichwani, mpaka kwenye lango la bwawa, tunayamwaga pale pale walipotoka. Ulikuwa ukilia kwamba yanakutoboa utosi. Mpaka leo wanawake wa hapa hurudisha, ila ukiuliza sababu kila mmoja ana yake. Kanze asema ganda likilala nyumbani huleta ugomvi wa mke na mume. Nilimwambia basi huenda mimi nilisahau moja chini ya kitanda, ndiyo maana nikaachwa.

Bwawa la mama lipo. Maji yakijaa, mkizi na mwatiko huingia langoni wenyewe, na kamba hujificha chini ya mikoko. Napata kitoweo, na wanaobaki nawauza Likoni, kivukoni. Lakini mkizi wa mwaka huu ni wembamba, migongo imekuwa kisu. Wewe sasa uko Kisumu na watu waliosomea kufuga samaki. Waulize tufanyeje.

Ulimwahidi mama kwamba utakuja kulisimamia bwawa lake, nami nilimwahidi nitalilinda mpaka urudi. Mume sina, mtoto sina. Ninalo bwawa, na ninaye wewe. Nataka ulikute bora kuliko ulivyoliacha.

Dada yako,
Mwanasaumu

*

Kisumu
9 Machi 1959

Dada yangu Mwanasaumu, shikamoo,

Barua yako ilinikuta nimeketi kwenye ukingo wa bwawa namba nne, nikaisoma hapo hapo na tope likinikauka miguuni. Siku niliyofika nilikimbilia ziwani, nikachota maji kwa kiganja, nikaonja. Hayana chumvi! Nikayatema. Mzee mmoja aliyekuwa akiosha baiskeli alinitazama akafikiri nina wazimu. Maji mengi hivi, dada, upeo wa macho, na hayanuki kitu.

Mabwawa ya hapa yamechimbwa mraba mraba, na samaki wake ni ngege. Nimejifunza jambo la ajabu. Wanatia samadi ya ng'ombe ndani ya maji. Maji yanageuka kijani, na ule ukijani ndio chakula: vijidudu wanaula, samaki wanakula vijidudu na ukijani wenyewe, wananona. Kumbe mkizi wetu wana njaa tu. Basi fanya hivi. Tia kapu la samadi kila juma. Kata ile mikoko ya upande wa magharibi, maana kivuli chake kinazuia jua, na bila jua maji hayawi kijani. Na usiache lango wazi kila maji yanapojaa na kupwa, la sivyo ukijani wote utatoka uende kwa wenyewe baharini. Nakuona ukisoma huku umeshika kiuno: "Ameondoka juzi tu, ameshakuwa mwalimu!"

Nikifumba macho naliona bwawa lote. Naliona jiwe la mama la kukalia, na ile njia ya kaa wekundu walioingia mashimoni kwa pamoja tukipiga kofi. Hapa hakuna kaa wa kupigiwa kofi. Mfungo umeshabisha hodi, na sijui nitafuturu nini bila viazi vyako vya nazi.

Nitunzie bwawa langu.

Ndugu yako,
Faki

*

Mtongwe, Likoni
2 Agosti 1959

Mdogo wangu Faki,

Mwalimu, pokea pongezi! Nimefanya yote uliyoniagiza. Samadi nachukua kwa mwenye ng'ombe wa kijiji cha Shika Adabu, naibeba mwenyewe. Mikoko ya magharibi tumeikata, kuni zake zimetutosha msimu mzima. Lango nimelifunga kwa mbao. Wallahi maji yamekuwa kijani kama mchicha uliochemshwa, na mkizi wamenona mpaka wanunuzi wa kivukoni wanauliza nawalisha nini. Sikuwaambia, wasije wakatapika. Kanze akipita huziba pua kwa ukaya, lakini mkizi akipewa hawakatai.

Sasa sikia la furaha. Nyumba ya mama imepakwa chokaa! Nimechoka na kuta za udongo. Wewe unarudi Idd ijayo mkataba wako ukiisha, na huwezi kuleta mke kwenye nyumba yenye rangi ya tope. Nilimwita fundi Mwidani. Aliponiambia chokaa ya maganda ya chaza ni nyeupe kuliko ya mawe, nikakumbuka lile rundo la mama pale langoni. Yale maganda yote tuliyobeba, miaka yote ile, yalikuwa yamefanya kilima chini ya maji. Fundi alilichimba maji yalipokupwa, lote, akajenga tanuri nyuma ya minazi. Nilisita kidogo. Halafu nikasema mama mwenyewe angependa nyumba ya mwanawe ing'ae. Sasa ukiwa ng'ambo ya hori unaiona, nyeupe pe!

Na mke nimekutazamia. Ni Dhahabu, binti wa jirani zetu wa zamani, na mama yake hakukataa. Niandikie neno moja tu la kumpelekea.

Dada yako mwenye mikono ya samadi,
Mwanasaumu

*

Kisumu
20 Desemba 1959

Dada yangu, shikamoo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, mvua ilivunja kingo mbili.

Nimefurahi sana kwa habari za mkizi. Nimewasimulia wenzangu hapa, wakanipigia makofi. Nyumba nyeupe najaribu kuiona, haiji. Kila nikiifikiria naiona ya udongo, na mama mlangoni akipepeta. Ule ukuta wa karibu na mlango, aliotuchorea vimo vyetu kwa mkaa kila Idd, nao umepakwa?

Kuhusu Dhahabu, ni binti mwema, na kwa hiyo usimfunge binti wa watu kwa ajili yangu. Sijui likizo yangu itakuwaje. Wanasema huenda mkataba ukaongezwa. Inshallah tutaonana, lakini usiihesabie Idd hii.

Hapa asubuhi kuna ubaridi kwenye mabwawa, lakini usiwe na wasiwasi. Kuna rafiki yangu amenifumia sweta.

Ndugu yako,
Faki

*

Mtongwe, Likoni
18 Aprili 1960

Mdogo wangu Faki,

Idd imepita salama. Nilipika biriani ya watu wawili, tukala mimi na Kanze, tukashiba sana. Dhahabu ameolewa na karani wa bandarini, harusi ilikuwa ya siku tatu, nilicheza mpaka magoti yakaniuma. Kivukoni watu ni wengi kuliko zamani, wengine wanatoka bara, wanazungumza uhuru tu, asubuhi na jioni. Bibi mmoja wa kwenu huko, Jael, amepanga chumba jirani yetu. Anakaanga samaki wakavu mpaka mfupa unalika. Mvua imeanza. Mnazi wa nyuma ya choo umeanguka lakini haukuua mtu. Nyumba bado nyeupe. Fundi alipaka kuta zote, na ule pia. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni.

Bwawa lipo.

Nisalimie huyo rafiki yako.

Dada yako,
Mwanasaumu

*

Kisumu
22 Mei 1960

Dada yangu, shikamoo,

Umeniandikia ukurasa mzima wa habari na hukutaja mkizi hata mmoja. Wewe, ambaye mkizi akipiga chafya unaniandikia. Umesema tu "bwawa lipo." Dada, wamekufa?

Nakuuliza kwa sababu bwawa moja la hapa liliharibika mwezi uliopita. Tulikuwa tumezidisha samadi na mvua ikachelewa. Maji yaligeuka mazito kama uji, na alfajiri moja tuliwakuta ngege wote juu, midomo wazi, wanatafuta pumzi. Tukaambiwa ukijani ukizidi, usiku hula pumzi yote ya maji, na unapokufa na kuoza hula zaidi. Hapo nilikumbuka bwawa la mama na samadi yangu, nikashindwa kula siku ile.

Mimi nilikufundisha habari za ziwa, dada. Ziwa halijai wala halipwi. Hapa tunalisha maji kwa sababu ni maskini na yamekaa tu. Hori yetu inaingia na kutoka kila siku na chakula chake, na mimi nikakuambia ufunge lango. Kukaa mbali kulinifanya nilipende bwawa kila siku na kusahau lilivyo.

Kuna na jambo jingine. Yule rafiki yangu alinisimulia kwamba walipokuwa watoto walikuwa wakitia kombe hai wa ziwani ndani ya ndoo ya maji machafu, kisha wakikaa kuyatazama yakitakata. Kombe hunywa maji, hubaki na uchafu, hutoa yaliyo safi. Nikakumbuka chaza pale langoni, vinywa wazi kila maji yanapojaa. Na mtoto wa chaza hawezi kukaa kwenye tope, atazama afe. Anataka kitu kigumu cha kujishikiza, na hakuna anachokipenda kama ganda la chaza mwenzake. Kwa hiyo yale maganda, dada. Ile chokaa.

Niambie kweli. Sitakukasirikia hata kidogo, na sina haki hiyo.

Ndugu yako,
Faki

*

Mtongwe, Likoni
3 Oktoba 1960

Faki,

Ndiyo, wamekufa. Umeridhika?

Walikufa mwezi wa Machi, siku za joto kabla ya Idd. Niliamka kuwatazama, nikiwahesabia mkizi wa kukukaangia, nikakuta maji yote yamejaa vinywa. Kamba walikuwa wamepanda juu ya mawe, Faki, kamba! Wametoka majini wenyewe kama watu wanaokimbia moto. Nikang'oa mbao za lango kwa mikono, kucha zikakatika, lakini maji yalikuwa yamekupwa na hayakuingia hata tone. Kabla ya adhuhuri wote walikuwa wamegeuka matumbo. Tuliwazika chini ya minazi, mimi na Kanze na Jael, na harufu haikutoka mpaka mvua zilipokuja. Kwenye ukingo wa magharibi, ulikokatwa mikoko, tope limeporomoka. Kaa wamehama. Hakuna wa kupigiwa kofi hapa pia.

Wewe uliniambia samadi, nikamwaga samadi. Uliniambia kata, nikakata. Funga, nikafunga. Na maganda nilichoma mwenyewe, hukuniambia. Hilo ni langu, na nalala nalo kila siku. Nikigusa ukuta, chokaa inabaki mkononi, nawaza hizi ni nyumba za chaza nilizopaka ili wewe uje kuoa. Mama alibeba, sisi tukabeba, mimi nikachoma. Na hukuja.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Niliona bwawa likifa huna tena la kurudia Mtongwe. Dada huandikiwa barua, ikatosha. Bwawa ndilo lililokuwa likikuita, nami nilijificha nyuma yake.

Sasa wasema maganda. Nirudishe maganda gani? Chaza waliobaki ni wa kuhesabu kwa vidole, hakuna anayewala. Nirudishe nini?

Mwanasaumu

*

Kisumu
6 Februari 1961

Kwa Mwanasaumu, dada yake Faki,

Nakusalimu kwa jina la Mungu wetu sote. Hunijui. Jina langu ni Agneta, na kwetu ni Seme, kando ya ziwa. Faki yuko kazini na hajui kwamba nakuandikia.

Gunia utakalopata katika stesheni ya Changamwe ni la maganda ya kombe wa ziwa. Tumeokota mimi na yeye tangu barua yako ilipofika, yeye baada ya kazi na mimi nikitoka kanisani. Alisema ganda ni ganda, mtoto wa chaza hataliuliza kabila. Kwetu maganda haya tunawapondea kuku ili mayai yawe na ngozi ngumu. Sasa kuku wa mama yangu wanataga mayai laini, na mama ameniuliza maganda yote yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakwenda Mombasa kwa wifi yangu. Akauliza, na huyo wifi yako anasemaje juu yako? Nilipomuuliza Faki, alianza kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe havina kamba. Hapo nilijua hujaambiwa.

Mimi ni mke wake. Tulioana mwaka jana mbele ya shehe wa msikiti wa hapa. Mimi naendelea na kanisa langu, yeye na msikiti wake, na tunakula sufuria moja. Tunategemea mtoto.

Aliogopa kwamba ukijua ana nyumba huku utaona amekutupa wewe na bwawa. Kila akiandika barua kwako hukaa nje mpaka giza. Mimi sikuweza tena kumwokotea maganda mtu ambaye hajui kwamba niko. Ukikasirika, nikasirikie mimi kidogo na yeye sana.

Ni mimi,
Agneta

*

Mtongwe, Likoni
20 Machi 1961

Wifi yangu Agneta,

Karibu kwetu, ingawa umeingilia mlango wa uani. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimeketi. Nililia, sikufichi. Halafu nikafika kwenye kuku wa mama yako, nikacheka mpaka Kanze akaja kuchungulia. Mpe mama yako pole kwa mayai.

Nilikuwa na shaka tangu ile sweta. Rafiki gani wa kiume afuma sweta? Lakini mtu akitaka kutojua, hajui. Huyo bwana mwambie hasira zote nimemwekea yeye, wewe sikukubakishia hata hiyo kidogo. Na mwambie simwandikii mpaka aniandikie kwa mkono wake.

Gunia tulilivusha kwa mtumbwi kutoka Changamwe, mimi na Kanze, na mwenye mtumbwi akauliza tumebeba nini kizito hivi. Kanze akamwambia mahari. Mtaa mzima ulikuja kutazama maganda ya ziwa, meupe ndani, yang'aa kama sahani. Wanawake waliposikia yametoka mbali ili kurudishwa kwetu, waliona haya, kila mmoja akarudi kwake kutafuta. Mmoja alileta yaliyozunguka kitalu chake cha mrehani. Mwingine alileta ganda alilokuwa akikwangulia ukoko tangu aolewe. Jael hana chaza lakini alikuja kusaidia kufunga, na amefurahi kusikia kwamba u wa ziwani kama yeye. Tuliyatia katika vipande vya nyavu chakavu, tukayafunga kwenye nguzo za lango ili yasizame kwenye tope. Upande wa magharibi tumechomeka miche ya mikoko. Samadi sitaki kuisikia. Lango liko wazi, maji yaingie na kutoka yapendavyo.

Maganda yako nimeyaweka pale pale palipokuwa rundo la mama. Tunza mimba yako, usibebe mizigo.

Wifi yako,
Mwanasaumu

*

Kisumu
11 Juni 1961

Dada yangu, shikamoo,

Naandika kwa mkono wangu kama ulivyoagiza.

Mtoto amezaliwa, ni msichana, mzima, na mama yake mzima. Tumemwita Mwanakheri. Agneta ndiye aliyelitaka jina la mama, kabla mimi sijathubutu kulisema. Ana paji la uso la mama na kelele zako.

Nimepewa kazi ya kudumu hapa. Nimeipokea. Sirudi Mtongwe kukaa, dada. Neno hili nimelizunguka miaka miwili, na kila nilipokuandikia "inshallah tutaonana" nilikuwa nalificha chini yake. Bwawa si langu tena, ni lako. Nadhani lilikuwa lako tangu siku niliyopanda treni, ila hakuna aliyekuambia.

Najua nimekuvunja moyo. Niambie maji yakoje.

Ndugu yako,
Faki

*

Mtongwe, Likoni
3 Machi 1962

Faki,

Barua nimeipokea. Jina la mtoto ni zuri.

Maji bado machafu.

Mwanasaumu

*

Mtongwe, Likoni
20 Desemba 1963

Mdogo wangu Faki, na wifi yangu Agneta, na mwanangu Mwanakheri,

Nimewanyamazia muda mrefu. Agneta, salamu zako za kila sikukuu nilizipata zote, na picha ya mtoto iko ukutani. Faki, nilikuwa nimekasirika, kisha hasira zikaisha, kisha nikaona haya kuandika kwa kuwa zimeisha. Halafu nikasema sitaandika mpaka niwe na la kusema juu ya maji. Ninalo.

Juma lililopita hapa kulikuwa na ngoma na fataki kwa ajili ya uhuru. Kivuko kilipita kimejaa watu wanaimba, na Jael alivaa gauni la kijani na kiatu kirefu akakivunjia kwenye mchanga. Mimi nilicheza kidogo, halafu nikashuka horini maana ilikuwa bamvua. Maji ya bwawa ni safi, Faki. Nimesimama kwenye jiwe la mama nikaona chini kabisa, nikaona hata kivuli changu kimelala juu ya tope.

Hayakuja kwa mara moja. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, mimi na Kanze tulikuwa tukitazama maganda kama watu wanaongoja chungu kichemke. Mwaka wa pili nikaona madoa juu ya maganda, madogo kama kucha ya mtoto. Nilidhani uchafu, nikakwangua moja, kumbe ni chaza mchanga. Nilimwomba radhi. Chaza walipokuwa wengi maji yakaanza kuonekana. Miche ya mikoko ikanifika kiunoni, ikaangusha majani, na kaa wakarudi kuyaburuta mashimoni mwao. Baada ya kaa nikaona kamba wanaokota mabaki. Mkizi walikuja mwisho. Siwalishi chochote. Wamekuwa wanene kiasi chao, si kama wale wa samadi, lakini hawa naona watadumu.

Sikuyajua haya nilipokuwa nabeba kapu kichwani. Sidhani kama mama naye aliyajua yote. Alirudisha tu, kwa kuwa mama yake alirudisha.

Nakwambia na jambo jingine. Nimeukwangua ule ukuta wa mlangoni. Chokaa ilitoka kwa maganda makubwa makubwa, na chini yake alama za mkaa zipo, hafifu, yangu juu na yako chini. Mwaka mmoja tu ulinipita, wakumbuka ulivyoringa? Niliweka kiganja juu ya alama yako ya kwanza, ikanifika magotini, nikaketi pale pale nikalia kwa raha yangu. Chokaa niliyoikwangua niliizoa yote nikaipeleka langoni nikaimwaga. Haifai kitu tena kwa chaza, najua. Nimeirudisha hivyo hivyo.

Sasa ifungue hiyo kaniki iliyo ndani ya mzigo niliowatumia pamoja na barua hii, taratibu. Hilo ni ganda moja la Agneta, kombe wa ziwa lenu, jeupe ndani kama lilivyokuja. Ligeuze mgongo. Hao watatu waliojishikiza ni chaza wa Mtongwe. Vuta utakavyovuta, hawabanduki. Nilipoliona nilikaa nalo mkononi mpaka maji yakaanza kunirudia miguuni. Nilikuwa nikidhani ukioa huko utakuwa umekatika kwetu. Sasa sidhani hivyo.

Msinishukuru, maana si zawadi. Wenye nyumba tumeshawala, mimi na Kanze, kwa ndimu na pilipili, na walikuwa watamu. Mwanakheri alichezee ganda, akalionyeshe kwa bibi yake na kuku wake, kisha lirudi lilikotoka. Sikudai uje kukaa, hilo nimeliachilia. Lakini wajua desturi ya nyumbani kwenu, na hakuna siku mama alipokubali mtu amtume mwenzake kurudisha ganda alilopewa yeye. Lisitiwe posta. Alibebe mtoto kichwani, kapuni, alie kidogo kwamba linamtoboa utosi.

Mimi nitakuwa langoni.

Dada yako,
Mwanasaumu